Masafa Yaliyolala Faza: Je, Mtu Aweza Kuyakodi?

Msomaji wetu wa Faza, Lamu Mashariki, anauliza:

"Mwalimu, asalaam alaikum. Ninaendesha waifai ya vocha hapa Faza. Nina mlingoti juu ya paa na ruta nne, na wateja wangu wengi ni wavuvi na wanafunzi. Masafa ya redio ya bure, yasiyohitaji leseni, yamesongamana, na kiungo changu cha kuvuka maji kwenda Ndau hukatika ovyo. Niliazima kifaa cha kupimia, nikaona sehemu kubwa ya masafa yenye leseni hapa kwetu ni kimya mchana na usiku. Nimesikia kuna nchi ambako masafa hukodishwa, hata kunadiwa kwa kompyuta. Je, naweza kukodi haya yaliyolala? Na soko la namna hiyo likifika kwetu, si matajiri watayanunua yote?"

Waalaikum salaam, dada yangu. Umefanya jambo jema kupima kabla ya kuuliza. Wengi huniletea hasira tupu, wewe umeleta namba. Jibu la swali lako la kwanza ni kwamba hakuna soko hapa Kenya ambalo waweza kuingia leo ukamlipa mwenye leseni na kuondoka na kipande cha masafa yake. Leseni ya masafa haihami mkono bila idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Lakini ipo njia nyingine ya kuyafikia masafa yaliyo kimya, nitaifikia. Swali la pili ndilo zito. Nitalijibu kwa urefu, maana jambo hili likiamuliwa na watu wa Nairobi peke yao, Faza itaumia kwa miaka mingi.

Tuanze na kinachouzwa. Mtu akilipia masafa hanunui hewa, wala hanunui mawimbi. Mawimbi unayatengeneza mwenyewe kwa redio yako na umeme wako. Anachonunua ni haki ya kutosumbuliwa: kwamba katika eneo fulani, kwenye masafa fulani, kwa muda fulani, mwingine asirushe mawimbi yatakayoziba masikio ya mpokezi wake. Hilo likikaa vizuri moyoni, mengine yote hufuata.

Mtu aliyeliweka wazi ni Ronald Coase, mchumi Mwingereza aliyehamia Marekani, katika makala yake ya mwaka 1959. Wazo la kuuza masafa lilikuwa limeshaandikwa mwaka 1951 na mwanafunzi wa sheria, Leo Herzel, lakini Coase alichimba zaidi. Alisema usumbufu una pande mbili. Redio yangu ikikusumbua, nakudhuru. Nikizuiwa nisirushe, mimi ndiye ninayedhurika. Kwa hiyo la kuuliza ni madhara ya nani makubwa zaidi, na kama haki ya kila mmoja inajulikana na mazungumzo hayana gharama kubwa, wenyewe watafikia mapatano. Serikali ya Marekani ilichukua miaka 35 kufanya mnada wake wa kwanza wa masafa, mwaka 1994.

Mimi niliyaona maneno ya Coase kwa macho, hapo hapo Lamu, kabla sijayasoma. Tulikuwa tumeweka kiungo cha 5.8 gigahezi kutoka Mokowe kuvuka mlango wa bahari kwenda upande wa Matondoni, kuipatia shule intaneti. Kilifanya kazi miezi miwili, kisha kikaanza kufa jioni. Nililaumu bahari, kama kila fundi wa pwani anavyoilaumu. Nikainua antena, nikaishusha, nikaigeuza, na hali ikawa ile ile. Siku moja mzee mlinzi wa shule akaniambia, "Mwanangu, maji hujaa kwa kuchelewa kila siku, lakini mtambo wako hufa saa moja ya usiku ile ile." Alikuwa sahihi kabisa. Maji husogea kama dakika 50 kila siku. Kitu kinachokufa saa ile ile kila jioni hakifuati mwezi, kinafuata watu.

Ilikuwa hoteli moja ya ng'ambo ya maji. Walikuwa na kiungo chao kwenye chaneli ile ile, kwa antena ya bei nafuu inayomwaga mawimbi pande zote, na wageni wao wakirudi kutoka ufukweni kila jioni walikuwa wanafungua video. Sisi na wao hatukuwa na leseni, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake "ondoka". Tukakaa mezani. Ikaonekana kwamba vifaa vyao havikuwa na chaneli nyingine ya maana, na kuvibadilisha vyote kungewagharimu sana. Sisi tungeweza kuhama kama tungekuwa na dishi linalorusha mawimbi kwa wembamba zaidi. Basi wao wakatununulia dishi, sisi tukahama chaneli, na jambo likaisha kwa chai. Hakuna hakimu aliyeitwa. Aliyepata faida kubwa alimlipa ambaye kuhama kwake kulikuwa rahisi. Hilo ndilo soko la masafa katika umbo lake dogo kabisa.

Angalia pia kwa nini liliwezekana: tulikuwa wawili tu, tulijuana, na safari moja ya boti ilitosha kutufikisha mezani. Wangekuwa watu ishirini, kila mmoja akisumbua watatu na kusumbuliwa na wanne, tusingemaliza mpaka leo. Hapo ndipo vinapohitajika daftari la haki, bei, na mtu wa katikati. Soko la masafa ni kazi ya kufanya mapatano kama yale yawezekane hata kwa watu wasiojuana.

Sasa bei. Kama kinachouzwa ni haki ya kuwazuia wengine, basi bei ya haki ni thamani ya kile ambacho wengine wamekosa kwa sababu yako. Ambapo hakuna mwingine anayetaka, hakuna aliyekosa, na bei yapaswa kukaribia sifuri. New Zealand walilionja hili bila kukusudia. Mwaka 1990 walinadi masafa kwa bahasha zilizofungwa, kwa kanuni kwamba aliyetaja bei kubwa anashinda lakini analipa bei ya pili. Mmoja alitaja dola 100,000 za kwao akalipa 6. Mwingine alitaja milioni 7 akalipa 5,000. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alitaja dola 1 kwa masafa ya televisheni ya mji mdogo, hakutokea mshindani, hakulipa chochote. Wananchi waliikasirikia serikali yao, na kweli ilikosea kutoweka bei ya chini kwa masafa yenye thamani. Lakini kwa yule mwanafunzi mimi naona hapakuwa na kosa. Hapakuwa na mwingine aliyetaka kurusha chochote pale. Angetozwa kwa ajili ya nani?

Faza iko katika hali ya mwanafunzi yule. Masafa yaliyo kimya kwenu hayana mshindani. Tatizo ni kwamba yameshauzwa, na yaliuzwa pamoja na Nairobi.

Katika mnada wa kawaida, au hata pale serikali inapopanga bei bila mnada, leseni hutolewa kwa nchi nzima. Uingereza mwaka 2000 ilipata pauni bilioni 22 na nusu kwa leseni tano za simu za kizazi cha tatu. Kenya haikunadi masafa yake ya 800 megahezi ya 4G. Kampuni za simu zilitakiwa kulipa dola milioni 25 kila moja. Kampuni ikipiga hesabu kabla ya kulipa, inawahesabu watu wa Nairobi, Mombasa, Kisumu. Kiwayu, kisiwa cha huko kwenu, haimo katika hesabu. Lakini haki ya kuzuia imeifikia Kiwayu pia, kwa sababu karatasi imeandikwa "Kenya". Kampuni haijengi mnara, na wewe huruhusiwi kuwasha redio. Hakuna aliyefanya uovu hapo. Kosa liko katika ukubwa wa kipande kilichouzwa.

Niruhusu nitumie miembe, kwa kuwa mimi ni mtu wa Malindi. Kwetu shamba laweza kuwa la mtu mmoja, miembe iliyomo ni ya mwingine, na mavuno ya msimu huu yamenunuliwa na wa tatu tangu mti ulipotoa maua. Kila mmoja ana haki yake na hawagombani, kwa sababu inajulikana nani ana nini na mpaka lini. Masafa yanaweza kushikwa vivyo hivyo. Shamba ni la umma, mti ni wa mwenye leseni, na tawi linaloelekea Faza, ambalo hakuna anayepanda kulichuma, linaweza kukodishwa kwako kwa msimu mmoja au mitatu. Tofauti moja yanitia uchungu kila nikiifikiria. Embe lililoiva kupita kiasi hutiwa achari. Saa ya masafa iliyopita bila kutumika haina achari. Ukimya uliouona kwenye kile kifaa cha kuazima hauwekwi akiba popote, umepotea, na mwenye leseni mwenyewe hakufaidika nao.

Ukodishaji wa namna hii si ndoto. Marekani iliruhusu kukodisha masafa mwaka 2003, na Nigeria ilitoa kanuni zake za biashara ya masafa mwaka 2018. Uzoefu unaonyesha, hata hivyo, kwamba kampuni kubwa huwakodishia wakubwa wenzao. Kumkodishia binti wa Faza kipande cha shilingi elfu chache hakulipi hata mshahara wa wakili atakayeandika mkataba. Mwenye leseni hana sababu ya kukukatalia, ila hana sababu ya kukujibu barua pia. Soko tupu, lisilosukumwa, haliwafikii watu wadogo kwa sababu hiyo ya kawaida kabisa. Dhuluma si lazima iwepo.

Uingereza walitafuta dawa yake mwaka 2019. Mdhibiti wao, Ofcom, alianzisha leseni ya eneo dogo ndani ya masafa ambayo tayari ni ya kampuni za simu. Unaandika: nataka kutumia masafa haya hapa. Ofcom inaiuliza kampuni kama inayatumia hapo au ina mpango wa kuyatumia karibuni. Isipokuwa na sababu ya maana ya kukataa, unapewa kwa kawaida miaka mitatu kwa pauni 950. Ona kilichogeuzwa. Zamani aliyetaka kutumia ndiye aliyebeba mzigo wa kumshawishi mwenye leseni. Sasa mwenye leseni ndiye anayetakiwa kueleza. Kama ningepewa kanuni moja tu ya kuileta Kenya kwa ajili ya Lamu Mashariki, Tana River na Turkana, ningechagua hii, na ningeichagua kabla ya mnada wowote.

Marekani walikwenda mbali zaidi katika masafa ya 3550 hadi 3700 megahezi. Hapo kuna ngazi tatu. Juu kabisa wamo wenyeji wa asili, hasa rada za manowari za jeshi lao. Chini yao wamo walionunua kipaumbele kwa mnada wa mwaka 2020, vipande vya megahezi 10, visivyozidi saba katika kila kaunti, kwa miaka kumi. Ngazi ya tatu ni ya kila mtu mwenye kifaa kilichoidhinishwa, bila kununua chochote. Kompyuta ya katikati ndiyo inayoelekeza nani arushe wapi, na pwani yao imewekwa vihisi vinavyosikiliza rada. Manowari ikikaribia, wa chini huhamishwa, ikiondoka hurudi. Kinachonifurahisha zaidi ni hiki: aliyenunua kipaumbele asipokitumia mahali fulani, wa ngazi ya tatu anaruhusiwa kukitumia mpaka mwenyewe atakapokuja. Ukinunua huna ruhusa ya kuficha. Mnada ule uliingiza zaidi ya dola bilioni 4.5, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba sharti la kushirikiana huwafukuza wanunuzi. Na kwa kuwa vipande vilikuwa vya kaunti moja moja, kampuni ya matrekta ya John Deere ilinunua pale vilipo viwanda vyake tu, bila kulazimika kununua Marekani nzima.

Umenigusia minada ya kompyuta. Hii ni hatua ya mbele zaidi: masafa kunadiwa kwa saa au kwa siku, na mashine ndiyo mnadi. Watafiti wamehangaika nayo miaka mingi, na ugumu wake waweza kuuona hapo hapo Kisiwani Pate.

Embe moja haliliwi na watu wawili, lakini chaneli moja yaweza kuuzwa kwa wawili walio mbali. Tuseme kuna chaneli moja, na wanaoitaka ni wewe wa Faza, mwenzako wa Siyu na mwingine wa Kizingitini. Wewe uko katikati, wawili hao mawimbi yao yanakutana na yako. Wao kwa wao, tuchukulie, hawasikiani. Siyu anataja shilingi 400 kwa siku, Kizingitini 500, na wewe 700. Mnadi mvivu atakupa wewe, maana wewe ndiye mkubwa. Mnadi mwenye akili atawapa wao wawili, kwa sababu 400 na 500 ni 900, na 900 ni zaidi ya 700.

Walipe ngapi? Tukiwatoza walichotaja, kesho watataja kidogo kwa ujanja. Kanuni inayomfanya mtu aseme ukweli ni ile niliyoitaja juu: lipa hasara uliyowaletea wengine. Kizingitini asingekuwepo, wewe ungeshinda na thamani ingekuwa 700. Kwa kuwa yupo, wengine nje yake wamepata 400 ya Siyu tu. Kwa hiyo analipa 300. Kwa hesabu hiyo hiyo Siyu analipa 700 toa 500, yaani 200. Jumla yao 500. Nawe utasimama barazani useme: mimi nilitoa 700 nikanyimwa, hawa wawili kwa pamoja wamelipa 500! Utakuwa na haki ya kushangaa. Hesabu ni sahihi, masafa yamekwenda kwa wenye thamani kubwa, na hata hivyo mnada unaonekana kama umependelea. Mbaya zaidi, wawili hao wakila njama wakataja 2,000 kila mmoja, kwa kanuni hii hii watapata chaneli bila kulipa hata senti, kwa sababu mbele ya 2,000 ya mwenzake, kuwepo kwa kila mmoja hakukuondolei wewe chochote. Piga hesabu mwenyewe uone. Hii ndiyo sababu wabunifu wa minada, wakiwemo Paul Milgrom na Robert Wilson waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2020, wametumia miaka mingi kutafuta kanuni ambazo watu wa kawaida wanaweza kuzielewa na wajanja hawawezi kuzichezea kirahisi. Kwa mji wenye wauzaji watatu wa waifai, mimi nasema mnada wa kompyuta ni jahazi la kuvukia mkondo wa kina cha magoti. Daftari la wazi na ada ndogo vinatosha.

Sasa hofu yako kuhusu matajiri. Ni hofu ya haki. Tajiri ananunua yote iwapo kipande ni kikubwa, muda ni mrefu, na kuacha kutumia hakumgharimu kitu. Hayo matatu yakikutana, masafa yanakuwa kama viwanja vya ufukweni vya Malindi: vimezungushiwa ukuta miaka ishirini, ndani kuna mbuzi, na wavuvi wanazunguka mbali kufikia maji. Vunja lolote kati ya hayo matatu na hali inabadilika. Zaidi ya hapo lazima libaki eneo lisilouzwa kabisa. Waifai ilizaliwa katika masafa ambayo Marekani iliyafungua kwa matumizi bila leseni mwaka 1985, na biashara yako wewe imejengwa juu ya uamuzi huo. Mimi napenda soko, lakini nisingekubali hata siku moja masafa ya bure yapigwe mnada kwa kisingizio kwamba yamesongamana.

Vipo pia vitu ambavyo soko haliwezi kuvipa bei. Hapa kwetu Ngomeni kuna kituo cha anga cha Waitaliano, kilichorusha setilaiti tangu miaka ya 1960. Ile iliyoitwa Uhuru iliruka tarehe 12 Desemba 1970. Madishi yake bado yanasikiliza vyombo vya angani, na duniani kote kazi hiyo hutumia masafa kama 2200 hadi 2290 megahezi. Ishara inayofika kutoka huko juu ni hafifu mno kiasi kwamba redio ndogo ya jirani inaweza kuizima. Huwezi kumwambia mwenye dishi ashindane kwa bei na muuza bando kila asubuhi. Watumiaji kama hao, na rada, na mawasiliano ya uokoaji baharini, huwekewa uzio kwanza, kisha soko hupangwa nje ya uzio.

Uzio wenyewe baharini haukai mahali pamoja. Jioni za joto zenye hewa tulivu, hewa iliyo juu ya maji hujipanga matabaka na kuyabeba mawimbi mbali kuliko kawaida, na stesheni ya mbali husikika kama iko jirani. Aliyekodi kipande cha pwani lazima aelezwe hivyo katika mkataba. Wewe uko pia karibu na mpaka wa Somalia, na ramani ya masafa huko ni ya nchi nyingine.

Turudi kwako sasa. Ile njia ya karibu niliyokuahidi ni nafasi wazi za televisheni. Tangu tuhame kutoka analojia mwaka 2015, chaneli nyingi kati ya 470 na 694 megahezi hazina kituo katika maeneo kama yenu. Kila chaneli ni megahezi 8, na zipo 28. Mawimbi haya hupenya mikoko na kuta za matumbawe vizuri kuliko ya 5 gigahezi. Kenya ilianza majaribio Nanyuki mwaka 2013, na Mamlaka imeandaa mfumo wa kuyatumia ambapo kifaa huuliza kwanza hifadhidata, yaani daftari la kompyuta la chaneli zilizo wazi, ndipo kirushe. Mwaka 2021 ikatoa pia mfumo wa leseni za mitandao ya jamii, yaani mitandao ya intaneti inayoendeshwa na wanajamii wenyewe. Leseni hiyo imekusudiwa mtandao wa jamii, si duka la mtu mmoja, kwa hiyo ungehitaji kukaa na akina mama wa chama, na vijana wa Kizingitini na Siyu, mkawa chombo kimoja. Nakusihi ulifikirie hilo kwa uzito. Tazama tena mfano wangu wa mnada: mkiwa kitu kimoja, yale magombano ya 700 na 900 hayapo.

Nikupe na ubaya wake. Redio za masafa haya ni chache sokoni na ni ghali kuliko za waifai. Tena juu ya maji, wimbi refu hutulia lakini haliji na nguvu, mpaka antena ziinuliwe juu sana. Usikimbilie kununua.

Anza na kile kiungo cha Ndau. Wimbi la 5.8 gigahezi lina urefu wa sentimita tano na kidogo. Mpokezi wako hupata mawimbi mawili: moja limenyooka, jingine limegonga uso wa bahari. Chukua antena mbili za mita 15 juu ya maji, umbali wa kilomita 10. Njia hizo mbili hutofautiana kwa sentimita nne na nusu. Maji yakipanda mita 3, tofauti inashuka hadi karibu sentimita tatu. Hiyo sentimita moja na nusu inatosha kuyafanya mawimbi yasaidiane au yauane. Ikiwa hilo ndilo linalokusumbua, hakuna masafa ya kukodi yatakayokuponya haraka kuliko antena ya pili, mita mbili tatu chini ya ile ya kwanza, ili moja ikifa nyingine iwe hai.

Basi fungua daftari. Andika kwa siku 15, kutoka bamvu (maji makuu) moja hadi jingine, kila saa ambayo kiungo kimekatika. Saa hizo zikisogea kama dakika 50 kila siku, ni bahari, nunua antena. Zikiganda mahali pamoja, ni watu, na hapo tuna mtu wa kuzungumza naye au wa kumwandikia. Nitumie daftari hilo pamoja na zile picha za kile kifaa cha kupimia, nikusaidie kuandika barua kwa Mamlaka.